Jumatano za Mzee Ndahani

Nakumbuka siku ambayo Jumatano zetu zote zilichukuliwa, mwanangu, na mpaka leo namshukuru aliyezichukua. Kaa nikusimulie, maana picha uliyonitumia kwenye simu nimeitazama tangu asubuhi, na miwani nimeifuta nikidhani labda ni macho yangu. Ratiba ya mwaka mzima ya watoto wanne, kila saa ina kazi yake na rangi yake. Umeandika vizuri. Mwandiko wako ni wa bibi yako, mama yangu, na ndiyo maana nimeshtuka kidogo.

Najua kwa nini mmeamua kuwafundisha nyumbani mwaka huu. Huko mliko, mashambani nyuma ya Ulyankulu, shule iko mbali, na mvua zikikolea njia haipitiki kwa watoto wadogo. Mmekwisha zungumza na mwalimu mkuu, mitihani watafanya pamoja na wenzao, na wewe unataka wakue wakiijua Biblia, siyo hesabu peke yake. Sina neno na hilo. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na niko hapa Ng'ambo, mjini Tabora, nasoma gazeti langu bila kusaidiwa. Nina jambo moja tu la kukuambia, ila nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia. Unanijua.

Baba yangu alikuwa mtengenezaji wa njia ya reli. Tuliishi gengeni, ndivyo tulivyoiita kambi ya wafanyakazi wa reli: nyumba chache zilizopangwa kando ya reli, katikati ya pori, ukishaipita Igalula. Maji tuliletewa na treni. Tulikuwa watoto watano: Yohana, Marta, mimi, Elia, na kitinda mimba wetu Tabitha. Shule ilikuwa Igalula, na kufika kule kwa miguu ilibidi uvuke mto ambao wakati wa masika haukuwa na mzaha. Mtoto wa jirani aliponusurika kufa maji pale, baba akaamua kutugawa. Yohana angekwenda kwa baba mkubwa Urambo, Marta na mimi kwa shangazi Tabora mjini, Elia kwa babu kijijini. Alikwisha nunua hata sanduku la bati la safari.

Mama akamwomba mwaka mmoja. "Niachie niwafundishe mwenyewe," alimwambia. "Mwaka ukiisha, wapeleke kwa mwalimu mkuu awapime. Wakishindwa, wagawe." Baba alikubali, lakini sanduku hakulirudisha dukani. Alilisukuma chini ya kitanda, nasi tulijua liko pale.

Mama hakusoma sana, ila alichosoma alikijua, na kanisani kwetu, sisi Wamoravian, ndiye aliyefundisha watoto kila Jumapili. Alipaka ukuta wa sebuleni chokaa, akachonga kipande cha mkaa, akauchora mwaka wote pale ukutani. Kila siku ya juma ilikuwa na safu yake, kutoka juu mpaka chini. Asubuhi Neno na sala, kisha hesabu, kisha kusoma, mchana mwandiko, jioni nyimbo na kukariri. Na kila mtoto alikuwa na somo lake, tofauti na la mwenzake. Majirani walikuja kuutazama ule ukuta, na mama alijisikia vizuri, sitakuficha.

Januari ilikwenda vizuri. Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Mama alipika, alifua, alipalilia karanga zake nyuma ya nyumba, na hapohapo alifundisha watoto watano masomo matano kwa wakati mmoja. Maharage yaliungua karibu kila siku. Sauti ilimkauka, na yeye aliyekuwa haoshi chombo bila wimbo akaacha kabisa kuimba. Kisha akaanzisha kitu ambacho nadhani hakukifikiria. Aliyekosa hesabu aliongezewa mstari wa Biblia wa kukariri. Aliyechafua daftari, mstari. Aliyesinzia, mstari na mwingine juu yake.

Elia ndiye aliyeumia. Hesabu zilimshinda, kwa hiyo mistari ilimlundikia. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka anakera, sasa akiona Biblia inatolewa kwenye kitambaa ilichofungiwa anaanza kung'ata vidole, na akiitwa kusoma anashikwa na kigugumizi. Kadiri kigugumizi kilivyomshika ndivyo mama alivyozidi kumbana. Usimhukumu, mwanangu. Kila alipomtazama Elia aliliona lile sanduku. Aliogopa kutupoteza, basi.

Sasa nimlete Mzee Ndahani. Huyu alikuwa nyapara wa genge letu, Mgogo, mtu mzima kuliko baba. Wewe umekulia mjini na labda utani unausikia kwa mbali tu, lakini Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kutoka huku Tabora mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo ambako maji ni ya shida. Wenyeji waliwatoza hongo ya njia: ukitaka kupita na kunywa maji yetu, toa kitu. Ugomvi wa zamani uliishia kwenye mzaha, na mzaha ukageuka undugu. Mtani akiingia kwako akachukua kitu, hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako.

Siku hiyo alikuja kumtafuta baba, hakumkuta. Elia alikuwa amesimama mbele ya ukuta anakariri mistari yake ya adhabu, machozi yanamtoka. Mzee Ndahani alisimama mlangoni, kofia kichwani, akautazama ukuta muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," mama alisema.

"Marahaba, Mama Yohana. Huu msafara unakwenda wapi?"

"Si msafara, mzee. Ni masomo ya watoto."

"Mimi naona mizigo tu. Ninyi wapagazi hamuachi asili yenu. Lakini babu zenu wakifika kambini walitua mizigo wakapika ugali. Hawa wako wanatua wapi?"

"Watatua Novemba," mama akajibu, naye hakuwa akitania.

"Basi wanapita kwangu na hawajalipa. Nadai hongo yangu."

"Chukua kuku, mzee, uniache nifundishe."

"Kuku wako wamekondeshwa na masomo. Sitaki kuku."

Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akalowesha kiganja. Kisha akakiweka juu kabisa ya ukuta, palipoandikwa Jumatano, akashuka nacho polepole mpaka chini. Mkaa wote ukafutika. "Jumatano ni zangu," alisema. "Zote. Siku nitakayokuta mtoto ameshika daftari Jumatano, naondoka na mbuzi."

Kazi ya siku nyingi ya mama imefutwa kwa kiganja, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Kisha akacheka, kicheko tulichokuwa tumekisahau, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akakaa chini kwenye mkeka na kanga yake usoni. Mzee Ndahani akavua kofia. Alipovua kofia tulijua kwamba utani umekwisha.

"Binti yangu," alisema, "huyu mtoto usimwadhibu kwa Neno la Mungu. Atakua, na siku atakapolihitaji atakuwa analiogopa."

Mzee Ndahani akavaa kofia yake, akatoka, na alipopita uani akamchukua na kuku vilevile.

Jumatano ya kwanza mama hakujua aifanyie nini. Alizunguka ndani ya nyumba, akashika hiki, akaacha hiki, mwishowe akatuambia twende porini kutafuta uyoga. Tuliporudi tukakaa uani kuusafisha, na mama, mikono ikiwa kazini, akaanza kutusimulia habari za Yusufu na ndugu zake. Hakuwa na kitabu, na alisimulia kwa Kinyamwezi, lugha yetu ya nyumbani. Hakuna aliyeambiwa arudie.

Elia akauliza, bila kigugumizi, "Alipokuwa mle shimoni, Yusufu alikuwa anamwita mama yake?"

"Mama yake alikwisha kufa," mama alisema.

"Sasa alikuwa anamwita nani?"

Mama aliweka kisu chini. Nadhani alielewa wakati uleule kwamba Elia haulizi habari za Yusufu peke yake, na kwamba kitoto kile kilikuwa kikilala kila siku kikiliwaza sanduku la bati. Alimvuta kifuani akamshika, na uyoga ukakaa pale mpaka ukaanza kunyauka.

Wiki ileile aliufuta ukuta uliobaki, akauchora upya kwa maneno machache. Asubuhi tulisikia habari moja ya Biblia sote pamoja. Tabitha akaichora, mimi na Elia tukanakili mistari yake, Yohana na Marta wakaiandika kwa maneno yao wenyewe. Baada ya hapo wakubwa waliwafundisha wadogo kabla ya kushika kazi zao, kwa sababu mama alikuwa amemwona Marta akimfundisha Tabitha herufi wakati wa kufua, tena kwa uvumilivu ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Wakati wa palizi tulisoma asubuhi tu. Mistari ya adhabu iliisha, na maharage yakaacha kuungua.

Mzee Ndahani alikuja kila Jumatano kukagua mali yake. Alikaa kwenye kigoda, akala michembe yetu, viazi vitamu vya kukausha, akadai asimuliwe. Akachagua mdaiwa wake awe Elia. Elia akisimulia, mzee anaharibu makusudi: "Ndipo Yona akammeza samaki." Elia anakataa, mzee anang'ang'ania, mpaka siku moja mtoto akaingia ndani mwenyewe, akatoka na Biblia, akamwonyesha kwa kidole palipoandikwa. Alisoma sura nzima. Mama alikuwa jikoni, nikamwona amesimama na mwiko mkononi, hapiki wala hasogei.

Mwisho wa mwaka baba alitupeleka Igalula. Yohana na Marta walifaulu, na mimi nikafaulu. Elia hesabu zilimwangusha, na mwalimu mkuu akamwambia baba wazi kwamba huyu ataanza darasa la nyuma. Baba alitazama chini. Kisha mwalimu akampa Elia kitabu asome. Alisoma vizuri, akakifunga, akaanza kumweleza mwalimu alichosoma na kumuuliza maswali, mpaka mwalimu akaomba nafasi ya kusema.

"Hesabu atajifunza," alimwambia baba. "Mtoto huyu mwacheni alipo, anafundishwa vizuri."

Tulirudi gengeni, baba akiwa mbele. Alipofika aliingia chumbani, tukasikia sanduku linaburutwa sakafuni. Elia alishika kanga ya mama. Baba akatoka nalo sebuleni, akalipangusa vumbi, akachukua madaftari yetu na Biblia ya mama akayapanga ndani. "Mchwa watamaliza vitabu humu," alisema. "Vikae hapa." Hatukugawanywa.

Mama alifariki wewe ukiwa bado mdogo. Mzee Ndahani alikuwa amestaafu zamani na kurudi kwao Dodoma, lakini alipanda treni akaja, na fimbo yake. Unajua mtani msibani ana haki ya kuzuia jeneza mpaka alipwe. Alipolisimamia watu wakaanza kutabasamu, wakisubiri vituko vyake. Yeye akavua kofia.

"Mpagazi wangu," alisema, "leo sidai kitu. Jumatano zako zote nakurudishia. Tua mzigo, mama, umefika."

Mjomba wako Elia, mtu mzima na ndevu zake, alilia mbele za watu wala hakujificha. Mimi nililia na huku nashukuru, kwa mama niliyepewa, kwa baba aliyekubali kubadili nia, na kwa mzee yule aliyetuibia tukapona.

Haya, mwanangu, narudi kwenye picha yako. Panga mwaka, ni vizuri kupanga, ila usiujaze. Watoto wanne wasikie Neno pamoja, kila mmoja achukue kwa kadiri yake, na huyo mkubwa mpe kazi ya kufundisha, atakusaidia na yeye atajua zaidi. Msimu wa shamba upunguze masomo bila kujilaumu. Mtoto akikosa hesabu, mwadhibu kwa hesabu, lakini Biblia isiguswe na hasira yako hata siku moja. Atakayekuwa nyuma, na atakuwepo mmoja, usimtazame kwa hofu, maana ataiona hofu hiyo kabla hujasema neno. Na acheni siku moja wazi kabisa, mtembee, mcheke, mgeni akija apate kiti.

Mungu aliyemtosha mama yangu pale porini na akutoshe wewe. Akupe sauti isiyokauka na wimbo jikoni, akulindie wanao wote wanne chini ya dari moja mpaka wawe na miguu ya kwenda wenyewe, na wakienda, waende na Neno lake wakilipenda.

Na usisahau kwamba bibi ni mtani wa wajukuu zake. Mvua zikipungua napanda basi nakuja huko, niuone huo ukuta wenu kwa macho yangu. Kuku wenu sitaki. Niwekeeni maji kidogo kwenye bakuli, niloweshe kiganja.