Oili ya Difu na Mihogo ya Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa karai na matambara, nikaambiwa nilale chini ya trekta, nifungue kizibo na kusubiri oili itoke. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Masasi na cheti changu cha shule ya misheni, na karakana ya serikali pembezoni mwa Temeke ilikuwa imeniandika msaidizi wa fundi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya pili vimekwisha si zamani, na matrekta tuliyokuwa nayo yalikuwa makuukuu.

Oili ikatoka tone baada ya tone. Saa nzima ikapita, karai halijafika nusu. Fundi Mkuu akaja akainama. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Benedikto, trekta hili limefanya kazi leo?"

"Hapana, Fundi. Limesimama tangu juzi."

"Basi na oili yake imelala. Funga kizibo, mwambie dereva alizungushe uwanjani mpaka giaboksi lipate moto. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ya baridi hutoka peke yake, uchafu ikauacha ndani."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nyie vijana wa leo bado mnaliruka.

Kwa asiyejua, nyuma ya injini ya trekta kuna giaboksi, kisha difu, yaani ile nyumba ya gia iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Difu ndiyo inayoliacha gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani trekta linapokata kona. Katika matrekta yetu kila nyumba ilikuwa na oili yake nzito. Ukishaimwaga, unatia dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, unainua nyuma kwa jeki, unaweka magogo chini ya ekseli, na magurudumu yanazunguka hewani dakika chache bila mzigo. Huko ndiko kuosha. Halafu unamwaga tena, unapitisha vidole kwenye masalia. Ukiona rangi ya maziwa, maji yameingia. Ukiona vumbi la njano, bushi ya shaba inalika. Ukishika kipande cha chuma, usifunge kitu, kamwite mkubwa wako.

Mwaka wa pili nikaaminiwa kuosha difu peke yangu. Trekta lilikuwa la dereva Athumani, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa swala tano na utani mwingi. Niliosha vizuri, nikamwaga, nikaanza kutia oili mpya kwa bomba la mkono. Kipimo ni tundu dogo ubavuni mwa difu, upande wa nyuma: oili ikianza kuchuruzika hapo, imetosha. Mie nikapiga bomba, nikapiga tena, haichuruziki. Nikasema moyoni, difu hii ina kiu. Mwishowe ikachuruzika, nikafunga, nikashusha jeki, nikajisifu.

Kesho yake asubuhi Athumani alitumwa Kipawa kusawazisha barabara. Kabla ya adhuhuri habari ikafika: trekta limeingia katika shamba la mihogo la mjane mmoja, Bi Zuhura, na limelaza matuta manne.

Mimi na Fundi Mkuu tulikwenda na Bwana Msimamizi, Mwingereza mrefu asiyecheka. Athumani alikuwa amesimama kando ya trekta, kofia mkononi. Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya tuta akimtazama.

"Umelewa," Bwana Msimamizi akasema.

"Bwana, mie pombe siijui. Nimekanyaga breki, haikushika."

"Breki ilikaguliwa wiki iliyopita. Leo ni siku yako ya mwisho."

Athumani alikuwa na watoto watano. Nikayatazama magurudumu ya nyuma. Oili ilikuwa inachuruzika kutoka ndani ya ngoma za breki, safi, mpya, ya kwangu. Hapo nikaelewa. Nilitia oili wakati nyuma ya trekta ingali juu ya jeki. Oili yote ilikimbilia mbele, mbali na tundu la kipimo, nami nikazidi kujaza. Trekta liliposhushwa, oili ikawa imezidi kiasi. Ilipopata moto, ikapenya sili za ekseli, zile pete za kuzuia oili, mpaka kwenye breki.

Ningenyamaza, nani angejua?

"Bwana," nikasema, "kosa si la dereva. Ni langu."

Sikungoja jibu. Trekta lilikuwa limesimama pahali tambarare, nikaingia chini na spana, nikafungua kizibo cha kipimo. Oili ikaruka kama maji ya bomba, ikanipiga kifuani. Bi Zuhura akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Huyu mnamwachisha kazi au mnamfua?" akauliza.

Fundi Mkuu akageuka pembeni akijipangusa macho. Hata Bwana Msimamizi mdomo ulimcheza. Akamwambia Athumani avae kofia yake. Mimi akanipa adhabu mbili: nipande upya mihogo ya Bi Zuhura, na tangu siku ile nisiguse injini. "Giaboksi na difu tu," akasema, "mpaka nitakaposahau."

Hakusahau upesi. Nilipanda matuta yale manne Jumamosi mbili, Bi Zuhura akinikosoa kila shimo, Athumani akinichekesha huku akiniletea vipando. Kisha nikatumwa kambi ya Pugu, kutoka hapo nikapelekwa karakana ndogo ya Tabata, kote nikifungua giaboksi na difu. Msimamizi aliyefuata alipotaka kunirudisha kwenye injini, karakana nyingine zilikuwa zimekwisha kuniomba kwa jina. Adhabu ile ndiyo iliyonilea hata baada ya uhuru, mpaka nikawa fundi mkuu mwenyewe.

Nilipofikia kustaafu, mkuu wa karakana, kijana niliyemfundisha, aliniuliza ninataka nini cha kuagia. Nikamwambia sijawahi kuendesha trekta nje ya geti. Akanipa funguo, na tela nyuma.

Nilikwenda mwendo wa kobe mpaka nyumbani kwangu. Mke wangu akatoka, akalitazama, akanitazama.

"Wamekuachia?"

"Mpaka saa kumi."

"Miaka yote hii nafua oili ya hilo dude," akasema, "na sijalipanda hata siku moja."

Akakaza khanga yake, akapanda kwenye tela, akaketi.

"Haya, baba. Nizungushe."