Ufa Chini ya Rangi ya Kijani

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari yalianza kuingia Songea kwa wingi ambao hatukuwa tumeuzoea. Zamani gari lilikuwa la serikali, la misheni au la ushirika. Sasa mwenye duka alikuwa nalo, muuza mahindi alikuwa nalo, na hao wote waliyaleta kwetu yakiwa yamebonyea. Gereji yetu ilikuwa Msamala, kiwanja kilichozungushiwa mabati chakavu. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye alichomelea, mimi nilinyoosha bodi na kupuliza rangi.

Kazi tuliyoipenda ni ya kuunda. Mzee mmoja wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, alikuwa amenunua lori kuukuu, kichwa na chesisi tu, akataka tulifanye basi. Tulichora umbo lake kwa chaki juu ya bati, tukaanza kusimamisha mbavu za mabomba. Upande mmoja ulipokamilika, mvua zikaanza, na mvua kwetu maana yake ni ajali. Kila asubuhi nilifika nikiwa nimepanga kushika basi, na kila asubuhi nilimkuta mtu amesimama mlangoni kando ya gari lililopondeka uso. Basi likabaki vile vile, ubavu mmoja umesimama na mwingine haupo, kuku wa jirani wakilala juu yake.

Nilichoka. Sisemi uchovu wa siku moja, unaoisha kwa kulala. Vumbi la pati, ule mchanganyiko wa kuzibia mabonde ya bodi, lilikuwa limenikaa kifuani, na mke wangu alikuwa akiniambia kwamba hata usingizini vidole vyangu vimekunjwa kama vimeshika nyundo. Umeme wa mji ulikuja kwa zamu. Ukija, shemeji alikimbilia mashine yake kama mtu anayekinga maji ya bomba la mgawo, na hapo hapakuwa na nafasi ya kuulizana kipi kianze. Kilichoanza ni cha aliyepiga kelele zaidi.

Aliyepiga kelele zaidi mwaka ule alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Mfaranyaki, rika langu. Pikapu yake ilikuwa imepinduka barabara ya Njombe. Alitaka tuinyooshe, halafu tuiundie nyuma mabenchi na turubai ili ibebe abiria wa Madaba. Nilipoingia chini yake niliona ufa kwenye chesisi, nyuma kidogo ya kichwa, mrefu kama kiganja.

Nikamwambia, "Kaka, hii haifai kubeba watu. Hapa panataka kipande kizima kibadilishwe."

"Hicho kipande kinatoka wapi?"

"Dar es Salaam. Au Mbeya, ukibahatika."

"Fundi, gulio la Madaba haliningoji mimi. Chomelea, paka rangi."

Nilipaswa kukataa. Shemeji aliniangalia akingoja neno langu, ngao yake ya macho ikiwa tayari kichwani. Nikasema, "Chomelea." Alichomelea. Chuma kilichounguzwa hivyo huwa kikavu, rahisi kukatika, pembeni mwa mshono, kama muhogo wa kuchoma. Nilijua. Nikakipiga msasa, nikapuliza rangi ya kijani juu yake mpaka mimi mwenyewe nisione ulipokuwa ufa. Mwenye gari alifurahi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Wiki mbili zilipita. Nilikuwa nanyoosha mlango wa gari jingine, nyundo ikapiga mahali pasipo penyewe, nami nikaketi chini. Nilikuwa nawahesabu watu. Mabenchi mawili niliyoyapima mwenyewe, watu sita kila upande, na wanaokaa katikati juu ya magunia. Nikamwambia shemeji nakwenda Madaba.

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia."

Alivua glovu zake polepole. "Shemeji, mkono uliochomelea pale ni wangu."

"Mdomo uliosema chomelea ni wangu."

Nilipanda lori la mbolea. Nilifika gulio likiwa limechanganya, na pikapu imeegeshwa inapakia, kijani chake kiking'aa kuliko kitu chochote pale. Dereva alinijua. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Akasema yeye ameajiriwa, nimweleze tajiri. Basi nikasimama nyuma ya gari nikasema kwa sauti: "Jamani, mimi ndiye fundi wa gari hili. Chini lina ufa. Nimeupaka rangi mimi mwenyewe. Naomba mshuke."

Hakuna aliyeshuka. Mama mmoja mwenye magunia ya maharage alinijia juu: "Wewe mwanaume, ulikuwa wapi wakati unapaka? Mvua hii, nirudi kwa miguu?" Mzee aliyeketi mwisho wa benchi akaniuliza, "Wewe ungempandisha mama yako?" Nikasema, "Hapana, mzee. Shikamoo." Niligundua sikuwa nimemwamkia mtu yeyote. "Marahaba," akasema, akashusha fimbo yake kwanza, kisha mguu. Walimfuata wanne. Yule mama hakushuka. Gari likaondoka na waliobaki, nami nikasimama matopeni pamoja na wale watano, ambao walikuwa wakinitazama kana kwamba nina gari jingine mfukoni.

Mwenye pikapu alikuja gereji siku ya tatu. Hakunipiga, ingawa nilitegemea. Alisema tu kwamba fundi anayetangaza ubovu wa kazi yake ni mwendawazimu, na neno hilo akalifikisha kila duka la Mfaranyaki. Ajali zikaanza kupelekwa kwa mafundi wengine. Pikapu nayo ikapelekwa huko, kama ni kutengenezwa au kupakwa rangi tena tu, sijui.

Habari zilifika hadi Tunduru. Yule mzee wa korosho alikuja na kanzu yake na kofia, tukasalimiana, akauliza habari za nyumbani bila haraka. Kisha akaomba kipande cha boksi, akakitandika chini, akalala chali chini ya chesisi ya basi lake. "Njoo, mwanangu. Nionyeshe mishono."

Nililala kando yake. Mshono wa kwanza, wa pili. Wa tano ulikuwa na vitundu vidogo, na ulikuwa wangu. Niliuchomelea siku ambayo shemeji alikuwa na homa. Mzee aliugusa kwa kidole.

"Huu uliufanya umechoka?"

"Nilichoka, mzee."

"Mimi nasafirisha watu, na Mungu ataniuliza. Ukateni."

Tuliukata, na mingine mitatu. Basi lile lilituchukua miezi mitano zaidi, na katika miezi hiyo tulikula zaidi kwa shamba la mke wangu kuliko kwa nyundo yangu. Lilipotoka, mzee alilisomea dua akapanda kiti cha mbele. Shemeji alilala mchana kutwa siku ile, hakuna aliyemwamsha.

Ile pikapu ya kijani niliendelea kuiona barabarani kwa miaka. Sikusikia kwamba ilikatika. Kila ilipopita nilisimama nikaitazama chini yake, pale nyuma ya kichwa, mpaka ilipokata kona.