Hujaona Maiti, Hajafa

Kanuni ya kwanza niliyojifunza kuhusu filamu ni kwamba steringi, yaani shujaa mkuu, hafi. Ya pili ni kwamba mtu ambaye hujaona maiti yake hajafa. Nilizijua zote mbili kabla sijaelewa hesabu za sehemu, na shule nilipoiacha kidato cha pili nilienda moja kwa moja mahali zinapotumika: kibanda umiza kimoja cha kuonyeshea filamu huko Morogoro, mabenchi kumi na mawili, televisheni moja, na kipaza sauti ambacho baada ya miezi michache kilikuwa mkononi mwangu.

Kwa asiyewahi kuingia humo, filamu inachezwa kwa Kiingereza au Kichina, na juu yake mtu anasema kwa Kiswahili. Hasomi maandishi. Anaeleza, anaigiza sauti, anamtukana adui, anamwonya steringi kuna mtu nyuma yake, na pasipo na maneno anatia ya kwake. Kichina sikukijua hata neno moja. Nilitazama nyuso nikatunga. Nikimuua mtu waliyempenda, watazamaji walinirushia maganda ya miwa, kwa hiyo niliacha kuwaua. Akianguka kwenye maporomoko nilisema, "Mmeona maiti? Hamjaona. Tulieni." Na kweli, sehemu ya pili alirudi.

Tangu hapo nimelala miji mingi. Nairobi, Lusaka, Durban, mwisho Sydney, nilikoletwa na ndoa. Ndoa iliisha, mimi nikabaki. Siku hizi napanga maboksi kwenye ghala moja Smithfield, sikio moja likisikiliza mashine na jingine likisikiliza riwaya. Nazipenda zile nene zenye ramani kurasa za mwanzo, majoka, na falme ambazo hazipo duniani. Nazipenda kama mtu anavyompenda ndugu yake mlevi. Za miaka hii zinanichosha. Uchawi umewekewa masharti kama fomu ya viza: ukiroga hivi unapoteza kile, isipokuwa mwezi ukiwa mwandamo, rejea sura ya nne. Na kila binti anayejifunza upanga lazima ampende mwanamume wa miaka mia tano mwenye mabawa, ambaye katika miaka yote hiyo hakujifunza kuosha kikombe. Ninazozisifu ni zile ambazo uchawi unamla anayeutumia, na mwandishi hamsamehe.

Filamu za mashujaa wenye nguvu nina ugomvi nazo zaidi, maana ndizo zilizonilea. Mji mzima unabomoka, na filamu inayofuata mji uko safi. Nani alifagia? Mimi najua boksi moja la vioo likidondoka linavyotuchukua nusu saa. Shujaa anakaribia kukata roho, anatoa mzaha. Adui anasema jambo la haki kabisa, halafu wanamfanya achome hospitali ili tusimsikilize. Lakini hayo yote ningevumilia kama si kifo. Siku hizi hakuna anayekufa. Wamegundua kwamba walimwengu ni wengi, wamepangwa kama rafu za ghala, na kila ulimwengu una nakala ya kila mtu. Shujaa akifa wanafungua mlango, wanachukua mwingine. Sura ile ile, koti lile lile, na sisi tunatakiwa tupige makofi.

Maoni haya nilikuwa nayatoa kila Jumapili alasiri, sebuleni huko St Marys, mbele ya mama mwenye nyumba ninayopanga chumba cha uani. Ni mama wa miaka sitini na kitu, wa Bukavu, aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kiswahili chake ni cha kwao, kimechanganyika na Kifaransa, watu kwake ni batu, na Kiingereza hakimwingii. Jumapili moja alinikuta natazama filamu kwenye simu, akaniuliza wanasema nini. Nikamweleza kwa sauti za kibandani. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, akitoka kanisani anapika chai, mimi nawasha televisheni kubwa, na filamu inasema Kiswahili.

Mdogo wake wa kiume, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alipotea kule nyumbani mji wao ulipochukuliwa na wenye bunduki. Simu yake ilizimika. Baadaye mtu mmoja aliyefika Kigoma alisema alimwona akianguka barabarani, watu wakikimbia, yeye hakuinuka. Mwili haukupatikana. Mambo haya niliyajua, kila mtu nyumbani aliyajua. Lakini mimi nikiwa na filamu mbele yangu nasahau nyumba niliyomo.

Kwa hiyo Jumapili ile tulipokuwa tunatazama filamu ya mwanamke anayeshika radi, sehemu ya pili, kaka yake alipotumbukia kwenye ufa wa ardhi, mama akauliza, "Amekufa?"

"Umeona maiti, Mama?"

"Hapana."

"Basi hajafa. Hiyo ndiyo sheria. Hujaona maiti, hajafa."

Aliweka kikombe mezani. "Sema tena."

Nikasema tena, tena kwa mbwembwe.

Siku nne baadaye binti yake alinikuta jikoni. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Blacktown, alikuwa amerudi kutoka shifti na sare bado mwilini. Hakunisalimu.

"Kaka, umemwambia nini mama?"

"Kuhusu nini?"

"Kilio cha mjomba ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wanatoka Adelaide, wanatoka Brisbane, wameshaomba ruhusa kazini. Leo asubuhi anasema hakikaliwi. Namuuliza kwa nini, ananiambia hakuna aliyeona maiti. Namuuliza hayo umeyatoa wapi. Anasema Mutanzania ameeleza, ni sheria."

Nilitaka kucheka kwa aibu. Uso wake ukanizuia.

"Ile ni ya filamu, dada."

"Unaniambia mimi?" Alivuta kiti lakini hakukaa. "Unajua kwetu inavyokwenda? Yeye ndiye mkubwa. Asipokaa yeye sakafuni kwenye godoro, hakuna anayekaa. Mke wa mjomba yuko Kigoma na watoto watatu, anapiga simu kila siku kuuliza kama wifi yake amesema. Hawezi kulia, hawezi kuvaa nguo za msiba, hawezi kuwaambia watoto kitu. Anabana pumzi mpaka huyu hapa aseme. Na huyu hapa anangoja sehemu ya tatu."

"Ya Jumapili?"

"Amesema uitafute. Yule kaka wa kwenye filamu anarudi?"

Niliiona sehemu ya tatu wiki ilipotoka, ukumbini Penrith, nikatoka nimekasirika.

"Kaka, nakuuliza."

"Anarudi."

"Basi Jumapili hatarudi. Si unatunga? Tunga."

"Atamwona kwa macho, dada. Si kipofu."

"Sema ni ndoto. Sema ni mzimu. Wewe ndiye mwenye mdomo. Na ukimrudisha, tafuta chumba kwingine."

Siku zilizobaki ghalani sikusikiliza riwaya. Nilipanga maboksi nikijaribu maneno. Ndoto ilikuwa rahisi: ningesema mapema kwamba mwanamke wa radi amelala, na yote yanayofuata ni njozi. Mzimu nao ungekubalika. Kazi ya aina hiyo nimeifanya mara mia, na kwa watu wenye miwa mkononi. Kilichonikera ni kwamba kila nilipoupata uongo mzuri, nilimwona mama akiupokea. Angeniamini. Aliniamini tangu mwanzo, na ndiyo maana tulikuwa hapo tulipokuwa.

Jumapili alitoka kanisani, hakubadilisha kitenge. Chai ilikuwa tayari kabla sijaingia. Binti alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Kwa kawaida Jumapili yeye huwa kazini au amelala. Mama alimtazama mara moja, akanigeukia.

"Bon. Washa."

Nilianza vibaya. Sauti ya adui ilinitoka nyembamba, mapigano nikayaeleza kama mtu anayesoma risiti. Mama alinivumilia nusu saa.

"Leo sauti yako iko wapi?"

"Ina mafua, Mama."

"Kunywa chai."

Nikanywa. Saa ya kwanza ikapita. Mwanamke wa radi anamtafuta kaka yake, anavunja milango, anapita ulimwengu mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukifunguka mama anasogea mbele kwenye kochi. Mahali pa kuanzisha ndoto palifika. Dada wa kwenye filamu alijilaza kwenye jiwe, akafumba macho. Binti alinitazama. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni kwamba amechoka, anapumzika kidogo. Basi. Pakapita. Nilihisi macho ya binti kwenye shavu langu mpaka mlango wa mwisho ulipofunguka.

Kaka akatoka. Muziki ukapanda. Dada akamkimbilia, akamkumbatia. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Iko muzima," alisema. Hakuniuliza.

Sasa hapa filamu inafanya jambo ambalo ndilo lililonikasirisha kule Penrith. Katikati ya kukumbatiana, yule kaka anasema sentensi moja fupi, halafu vita vinaanza na hakuna anayeirudia tena. Wameitia ili wajanja waone kwamba mlango ule haukumfufua mtu, halafu wanaikimbia ili wengine wafurahi. Nilichukua rimoti, nikaisimamisha picha.

"Kwa nini unasimamisha?" mama akauliza.

"Amesema kitu, Mama. Nataka nikitafsiri vizuri."

"Amesema nini?"

Binti alitoka mlangoni, akaja nyuma ya kochi. Nilijua anaifahamu ile sentensi, ameisikia kwa masikio yake. Nilijua pia kwamba bado ningeweza kusema mzimu.

"Amesema, 'Na mimi nilikuwa na dada. Si wewe.'"

Mama aliitazama picha iliyosimama. "Sielewi. Si ni yeye?"

"Sura ni yake. Huyu ametoka ulimwengu mwingine, ana dada yake mwingine huko. Kaka wa kweli wa huyu mwanamke wa radi alianguka kwenye ufa."

"Huyu hamujui?"

"Hamjui."

"Akimuuliza jina ya mama yao?"

"Hatalijua. Si mama mmoja."

"Donc yule wake."

Niliweka rimoti mezani.

"Jibu. Yule wake."

"Alikufa, Mama. Sehemu ya pili. Hawakuonyesha maiti, lakini alikufa." Kisha nikaona kwamba nikiishia hapo nitakuwa nimesema habari za filamu tu, kwa hiyo nikaendelea, na maneno yalinitoka vibaya. "Ile sheria niliyokwambia si sheria. Ni yetu ya kibandani. Tuliitunga ili watu wasituvunjie mabenchi. Haifanyi kazi popote kwingine. Nisamehe."

Binti alisema, "Mama," akamwinamia.

Mama aliniangalia, si kwa hasira. Alikuwa anaangalia kama anavyoangalia mchele kabla hajautia kwenye sufuria.

"Weye unafikiri mi mutoto?" alisema. "Unafikiri mi sijui ile ni maneno ya sinema? Batu bote balikuja hapa na maneno ya kuzika. Pasta, batu ya Adelaide, huyu binti yangu. Pole, pole, pole. Weye tu ulileta maneno ya kungoja. Nikachukua. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia, Mama," binti alisema.

"Nikuambie nini? Weye unakuja na rosta. Jumamosi saa nne, viti hamsini."

"Watu wanahitaji kujua."

"Njo hivyo. Batu banahitaji." Aligeukia televisheni. Kaka wa kwenye filamu alikuwa amesimama pale pale, mkono hewani, mdomo nusu wazi. "Mulaghai," akamwambia. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. "Simu. Nipigie kule."

Kigoma ilikuwa asubuhi. Binti alibonyeza namba, akampa. Wifi ya mama alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika. Mama alisema naye kwa Kishi, lugha ambayo mimi sijui hata salamu yake. Alisema polepole, maneno machache, akasikiliza, akasema mengine machache. Binti alikuwa ameushika mgongo wa kochi.

Kutoka kwenye simu ilitoka sauti ambayo sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Mama hakuikata. Aliiweka simu juu ya meza, ikiendelea kulia peke yake, akateremka kwenye kochi, akakaa sakafuni na kitenge chake cha kanisani, miguu ameinyoosha mbele.

"Jumamosi ni mbali," alisema. "Toeni viti."

Nilizima televisheni. Viti vidogo nilivitoa mwenyewe, viwili viwili, nikavipanga uani karibu na mlango wa chumba changu. Niliporudi, binti alikuwa ameshashika kochi upande mmoja, analia bila kutoa sauti. Tuliliinua. Mlangoni likakwama, mguu mmoja umeingia na mwingine umegoma, sisi tumesimama kila mtu upande wake na mama sakafuni nyuma yangu ameanza kuita jina la mdogo wake.

"Inua upande wako," binti aliniambia. "Inua, basi."