Asiyetokea Amekubali

Jina la Mzee Waya lilitokana na ufundi wake wa simu za waya, zile ambazo ukipiga mtu anapokea au hapokei, basi. Waya zenyewe zimeng'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, jina limebaki. Kompyuta alijifunza mwenyewe uzeeni, kwa kusoma na kukosea, na kwenye laptopu yake aliweka Linux, mfumo wa bure usiomilikiwa na mtu, kwa sababu hakutaka kampuni yoyote ichungulie mambo yake. Simu yake ya mkononi ilikuwa ya vitufe.

Asubuhi ile yeye na wadogo zake watatu walikuwa na kikao mtandaoni, kila mtu kwake, kuamua kama nyumba ya marehemu baba yao iuzwe. Wawili walitaka iuzwe. Yeye hakutaka, na kitinda mimba angemfuata yeye. Kura zikifungana, nyumba inabaki. Zamani mambo kama hayo yalisemwa sebuleni mwa nyumba hiyohiyo, mkitazamana usoni, na aliyetaka kuuza angelazimika kulitamka hilo huku picha ya baba ikimkodolea macho. Siku hizi mtu anauza kwao huku amezima kamera, anapiga mswaki.

Akawasha laptopu mapema. Alama ya waifai haikuwepo.

Jana yake alikuwa amesasisha mfumo, na kwa kuwa alichukia takataka, akasafisha na mabaki. Sasa akatazama kisanduku cha waifai: taa zote zinawaka. Akaandika amri ya kuorodhesha vifaa, kadi ya mtandao ikajitokeza, nzima kabisa. Akaulizia kiendeshi chake, ile programu inayoiamrisha kadi. Hakuna. Kiini kipya cha mfumo, ile sehemu inayoendesha kompyuta nzima, kilikuja na sasisho la jana bila hicho. Hakushtuka, mfumo huweka kando kiini cha zamani kwa dharura kama hizo. Akazima, akawasha tena, akafungua orodha ili achague kile cha zamani.

Kilikuwemo kipya peke yake. Cha zamani alikifagia jana, kwa mkono wake, pamoja na takataka.

Kiendeshi kilipatikana mtandaoni, na mtandao ndio aliokuwa anautafuta. Waya wa mtandao alikuwa nao, droo nzima, wa kila urefu. Lakini laptopu haikuwa na tundu la kuuchomeka. Walioiunda waliliondoa ili kidude kiwe chembamba. Alisimama na waya mkononi kama mtu aliyekwenda kutembelea rafiki akakuta kiwanja kitupu.

Saa ya kikao ikafika. Akampigia dada anayemfuata kwa kuzaliwa, aliyekuwa akiongoza kikao. Alipokea kwa sauti ya chini.

"Kaka, niko kwenye mkutano. Nitakupigia."

Ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Ya kitinda mimba ilikuwa imezimwa.

Alitoka akagonga kwa jirani, ambaye ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa ndio ukuta wa sebule ya mzee.

"Hatununui kitu," mama mmoja alisema bila kufungua.

Ilibidi ajieleze yeye ni nani, kwa mtu aliyesikia kikohozi chake miaka yote ile. Mama akafungua, akaona aibu, akampa simu yake ya kisasa na waya wa kuchajia. Mzee akaichomeka kwenye laptopu, intaneti ya simu ikapita kwenye waya, na waya haukumwangusha. Akaingia kikaoni. Walikuwa wanacheka, wanaagana.

"Kaka mkubwa huyo," dada alisema. "Tumeshamaliza. Inauzwa."

"Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo hivyo. Asiyetokea amekubali. Si sheria yako hiyo, kaka? Ulituwekea wewe, tulipokuwa tunachelewa vikao vya baba."

Alikuwa ameiweka kweli, wakati kuchelewa kulimaanisha mtu amekaa tu kwake, miguu mizima. Akamwita kitinda mimba. Kijisanduku chake kilikuwa cheusi, jina tu.

"Nilikusubiri, kaka," sauti ikatoka humo. "Nikadhani umeamua kunyamaza."

Visanduku vikafungwa kimoja kimoja. Mzee Waya akachomoa waya, akauviringa vizuri kama alivyofundishwa kazini, akaurudisha pamoja na simu.

"Imeshika, mzee?" mama wa jirani akauliza.

"Imeshika, mama. Asante."

Mlango ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa kwa ndani.