Daftari la Unga

Papa Séverin anatengeneza simu Isipingo, Afrika Kusini. Wateja wake hawajui kwamba zamani, vita vilipopamba moto kule Kivu, alikuwa karani wa chakula wa waasi. Alipita nyumba kwa nyumba akidai unga, akaandika daftarini kila aliyetoa, jina na kijiji. Jina la kwanza aliliweka la mama yake, ili majirani wasinung'unike. Waasi waliposhindwa alikimbia, daftari akaliacha mezani. Mjinga gani huacha kitu kama hicho?

Jeshi la serikali likaliokota. Waliotoroka walisema askari walilibeba nyumba kwa nyumba, wakitia alama kwa kila waliyemuua. Tangu hapo Séverin humuulizia mama kwa kila mtu anayetoka Bukavu.

Juzi Bilha, mwanafunzi wa historia kutoka Kenya, alimletea picha za daftari kuukuu amsaidie kusoma majina ya watu wa kwao Kivu.

"Mwandiko mzuri sana, Papa. Ila hizi alama nyekundu sizielewi."

Séverin aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Akaweka bisibisi chini.

"Rudi ukurasa wa kwanza. Jina la juu kabisa, nayo iko na alama?"

Bilha akaikuza picha kwa vidole.

"Iko, Papa. Alikuwa nani?"