Jina Ambalo Hakulisikia

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na sisi tuliolelewa katika Kiluo tunaweza kuandika "samba" tukimaanisha shamba tusione kosa. Nilimaliza darasa la nane nikaishia hapo. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Lakini kuna jambo nililonyamazia kwa miaka kwa sababu ya aibu, na sitaki tena kulinyamazia kwa sababu ya mwandiko.

Kwetu ni upande wa Rongo, kwenye miwa. Dada yangu aliolewa Mfangano, kisiwani, na kazi yake huko ni omena. Huinuka mapema kununua samaki hao wadogo kutoka kwa mashua, huwatandaza juani juu ya neti kuukuu, huwageuza, hufukuza ndege, na wingu likionekana huwakusanya mbio. Kazi hiyo haifanyiki na mtoto mchanga mgongoni. Kwa hiyo alipojifungua mtoto wa kwanza aliniita nije kumlea. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Watu wa boma lile walidhani nina maringo kwa kuwa sikuzungumza. Sikuwa na maringo. Maneno yangu hufika kooni yakakaa hapo.

Mtoto alikuwa wa kiume, na kwa wiki mbili za kwanza alilia karibu kila saa aliyokuwa macho. Mama mkwe wa dada yangu, ambaye sote tulimwita dani, yaani nyanya, alisema si tumbo. Kuna mtu anataka jina. Kwetu ndivyo ilivyo: mmoja wa jamaa waliokufa akitaka kurudi nyumbani kupitia mtoto, mtoto atalia hadi aitwe jina la mtu huyo. Mnamtajia wafu mmoja mmoja. Akinyamaza, mmempata mwenyewe.

Asubuhi moja dani akamchukua mikononi, akaanza. Alimwita kwa jina la kaka yake, mtoto akalia. Akamwita kwa jina la shemeji aliyezama ziwani, akalia zaidi. Nilikuwa nimesimama na beseni la maji ya kumwogeshea. Kisha dani akasogea mlangoni, kwenye mwanga, na akataja jina la marehemu mume wake. Mtoto akanyamaza papo hapo. Akakodoa macho.

Dani alilia machozi. Dada yangu alipiga magoti. Nami nilifurahi kama wao, ingawa mahali niliposimama niliona macho ya mtoto yalikokuwa. Yalikuwa kwenye kitambaa cheupe cha kichwani mwa dani, ambacho ncha yake ilikuwa ikipepea juani. Sisemi kwamba nilielewa siku ile. Nasema tu kwamba niliona.

Huyo marehemu ndiye aliyetuharibia kila kitu, na hakuwa na kosa. Alikuwa mshona nyavu, na sifa yake kisiwani kote ilikuwa ukimya. Dani alipenda kusimulia kwamba alipokuja kumposa, alikaa nyumbani kwa kina dani kuanzia asubuhi hadi jioni, akala mara mbili, akasema neno moja tu: "Nitarudi." Kwa hiyo mjukuu alipokuwa mtulivu, hakushtuliwa na mlango uliobamizwa, hakuamshwa na mvua juu ya mabati, dani alicheka akasema mume wake amerudi na tabia zake. Alimwita "mume wangu." "Mume wangu leo amenuna," alikuwa akisema. "Mume wangu, hata salamu ya mke wako huijibu?"

Na kwa mambo mengine yote mtoto alikua vizuri kuliko wenzake. Hili nataka lijulikane, maana baadaye watu walisema alikuwa mzito tangu mwanzo. Shingo ilikaza mapema. Aliketi bila kushikwa. Alitembea kabla ya kufikisha mwaka, akiwa ameshika mkia wa sketi yangu, kisha akauachilia akaenda peke yake hadi kwenye omena za mama yake, akazikalia. Alipokuwa na mwaka na nusu alijua kutoa kwenye omena kila samaki wa aina nyingine, hata mdogo kama kucha. Alipanga mawe kutoka dogo hadi kubwa. Akitaka maji alinivuta kidole hadi kwenye mtungi. Akili ilikuwa imejaa ndani yake, inatafuta pa kutokea.

Maneno tu ndiyo hayakuja. Wa jirani, aliyezaliwa baada yake, alikuwa anasema "mama" na "leta" na kutukana mbuzi. Wetu alikuwa na sauti moja, kama ya mtu anayeinua mzigo.

Siku moja kifuniko cha sufuria kubwa kiliniponyoka kikaanguka kwenye sementi nyuma yake, karibu kabisa. Kuku walitawanyika. Yeye aliendelea kupanga mawe. Nikakiokota, nikakiangusha tena makusudi, nikamwangalia. Hakugeuka. Nikakanyaga chini kwa mguu. Akageuka, akanicheka.

Nilimwambia dada yangu jioni ile, kwa sauti ya chini. Akaniuliza kama mtoto asiyesikia angependa mashine ya kusaga unga. Maana alikuwa anaipenda kweli: mashine ikianza kunguruma alikimbia hadi kwenye ukuta wa kile kijumba akabandika tumbo na shavu, akafumba macho. Kila mtu alikuwa amemwona. Leo najua kwamba ukuta ule ulikuwa unatetemeka, na huko kutetemeka ndiko alikokuwa akifuata. Lakini wakati ule hata mimi nilijiambia, basi anasikia.

Kuna kitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa. Mle ndani, baada ya kurasa za uzito na chanjo, kuna ukurasa unaosema mtoto afanye nini akiwa na umri gani: atabasamu, aketi, asimame, ageuke akisikia sauti, atamke maneno. Katika boma lile mimi ndiye niliyekuwa na kawaida ya kusoma chochote chenye maandishi, hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Niliusoma ukurasa ule hadi nikaukariri. Tulipompeleka kliniki baada ya kufikisha miaka miwili, nilikuwa nimeshika kile kitabu kwenye mfuko wa plastiki, na nilikuwa nimejiapia njia nzima kwamba nitasema.

Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alikuwa amechoka, anauliza bila kuinua kichwa.

"Anatembea?"

"Anatembea hadi anatuchosha," dani akajibu. Alikuwa amekuja kwa kuwa hakukubali mume wake aguswe na watu asiowajua.

"Anatamka maneno?"

Dada yangu alinitazama. Mimi nikatazama chini.

"Huyu amemfuata babu yake, sista," dani akasema. "Yule alisema neno moja akapata mke. Huyu analitafuta lake."

Kina mama kwenye benchi walicheka. Muuguzi naye akacheka, akatia alama mahali pa alama, akamwita anayefuata. Nilikuwa na maneno yote kinywani. Ageuke akisikia sauti. Hageuki. Maneno mawili matatu tu. Nilimbeba mtoto tukatoka, na njia nzima alikuwa anacheza na sikio langu.

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Naweza kumlaumu muuguzi. Naweza kumlaumu dani. Lakini hao hawakuwa wamedondosha kifuniko mara mbili.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya polepole. Mtoto wa miaka mitatu hachezi tena na mtu mmoja, anataka wenzake. Wakati mawe na mchanga vilikuwa vinatosha, alicheza nao. Walipoanza michezo ya kuitana, akaachwa. Walicheza kujificha, yeye alijificha vizuri kuliko wote, nyuma ya mashua iliyopinduliwa, na wenzake walipochoka wakamwita atoke wakaenda zao kula. Nilimkuta jua linazama, bado amejikunyata pale, anangoja kutafutwa, anatabasamu. Alipoona ni mimi, tabasamu likaondoka.

Akaanza kuuma. Aliuma watoto, akamuuma mjukuu wa mwenye mashine, akafukuzwa kwenye ukuta wake. Baba yake, ambaye si mtu mbaya, alikuwa akimwita kutoka ufukweni mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akija alikuja na fimbo. Alisema mtoto ni mkaidi. Alimchapa kwa kutoitika. Mtoto alikuwa anaona tu mtu mkubwa anatokea nyuma bila sababu na kumpiga. Mtu yeyote angeuma. Nilisimama jikoni nikihesabu fimbo.

Alipokuwa na miaka mitano lori la kubebea samaki lilirudi nyuma pale sokoni kwenye ufuo. Lilikuwa linapiga honi. Watoto wote walikimbia, isipokuwa mmoja aliyekuwa amechuchumaa, mgongo kwa lori, anatenganisha omena zilizomwagika. Watu walipiga kelele. Wanaume wawili wakagonga ubavu wa lori, dereva akakanyaga breki, lakini chuma cha nyuma kilikuwa kimeshamgusa kikamwangusha. Kidevu kilipasuka. Hakuvunjika popote. Nilimkuta amekaa kwenye damu yake anatazama midomo ya watu, mmoja baada ya mwingine, inavyofunguka na kufungwa.

Pale nyumbani, akiwa ameshashonwa kidevu, wote walikuwa wanamgombeza. Wanamgombeza kwa nini hakutoka njiani, kwa nini ana kichwa kigumu. Ndipo nikasema. Sikusema kwa sauti kubwa.

"Hasikii. Hajawahi kusikia."

Baba yake aliweka chini kikombe. Nikawaambia habari ya kifuniko cha sufuria. Nikawaambia habari ya ukurasa wa kitabu. Dani alikuwa amempakata mtoto, anampapasa kichwa.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Ulijua lini?"

"Kabla ya kliniki ile."

Aliinamia sikio la mtoto akataja jina la mume wake, mara ya kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, mpaka dada yangu akamwomba aache. Mtoto alimtazama dada yangu aone kwa nini analia.

Hospitalini Homa Bay walimpima wakasema masikio yote mawili, na labda tangu kuzaliwa. Walituelekeza kwenye shule ya bweni ya viziwi, upande wa Migori. Mwalimu aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mpole. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alisema masikio si shida kubwa. Shida ni kwamba miaka ile ambayo ubongo wa mtoto unashika lugha, yoyote, ya mdomo au ya mikono, huyu amekaa bila hata moja.

"Mngemleta ana miaka miwili," akasema, "leo angekuwa anawasimulia mambo."

Miwili. Alitaja umri ule ule wa benchi la kliniki, bila kujua.

Watoto wa pale hupeana majina ya mikono. Hawaandiki jina hewani herufi kwa herufi kila mara. Mtu hupewa ishara yake. Muhula wa kwanza haujaisha alikuwa amepata yake: vidole viwili vinavyopita juu ya kidevu, penye kovu. Nilipokwenda kumchukua wakati wa kufunga, msichana mmoja aliniona, akajua nimemfuata nani, akapitisha vidole kidevuni. Naye akaja mbio kutoka uwanjani. Kwa miaka mitano na zaidi tulimwita jina ambalo hakulisikia, la mtu ambaye hakurudi. Hilo la kovu ndilo la kwanza analolijua kuwa ni lake, na amelipata kwa kugongwa.

Sasa yuko nyumbani likizoni. Mwalimu anasema anajifunza, lakini polepole kuliko waliokuja wadogo, na huenda kuna mambo hatayafikia. Dani bado anamwita "mume wangu", anamwita mtoto akiwa amempa mgongo, na haji. Baba yake hampigi tena, ila pia hamtazami sana. Dada yangu amejifunza kula, lala, njoo. Mimi shule ilinifundisha ishara kadhaa siku moja ya wazazi, nikazichora kwenye daftari, na tayari hazinitoshi.

Jana alikuja nikiwa nachagua mchele akaniuliza kitu. Najua ni swali kwa sababu aliinua nyusi jinsi wanavyofanya. Kiganja kifuani, kisha kikatoka mbele, kisha kidole kikanielekea. Nikatikisa kichwa kwamba sielewi. Akarudia polepole, jinsi unavyorudia neno kwa mtoto mdogo. Nikamletea maji. Akayatazama yale maji, akaiweka mikono yake mifukoni, akaenda kwenye mashine ya unga. Siku hizi wanamruhusu kusimama pale.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma, mniandikie. Kama mna mtoto kama huyu, au mmefundishwa lugha hiyo, nichoreeni ishara hata moja moja kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, maana kusoma kwangu nako ni kwa polepole. Mpeni barua yule aliyewapa maandishi haya, itanifikia. Niambieni hiyo ya kiganja kifuani ina maana gani. Na niambieni jinsi mtu anavyosema kwa mikono kwamba alijua mapema akanyamaza, maana nataka nimwambie mwenyewe, kabla shule hazijafunguliwa.