Taa Nane na Mama Mkwe

Watu walimwita Fundi Kimuhemuhe, na hakuwahi kulalamika, kwani jina lilimkaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, fundi umeme hodari kweli, ila kutulia dakika tano kulimshinda. Chai aliinywa amesimama. Hata picha yake ya harusi ilitoka na ukungu, maana aligeuka kumwelekeza mpiga picha.

Sasa ukumbi wa netiboli, ule usio na dirisha hata moja, ulimpa kazi ya kufunga taa nane kubwa, zile zenye gesi ya shinikizo kali ndani ya kioo, pamoja na balasti za elektroniki za kuziwasha. Meneja bado alizililia balasti za zamani zilizokuwa zikinguruma. Alimwambia fundi wazi kwamba hizi mpya zikimtia aibu siku ya fainali, atamshushia vyombo vyake vyote na kazi ya ukumbi aisahau.

Siku ya fainali taa ziliwaka vizuri, ukumbi ukajaa. Zimebaki dakika ishirini mchezo uanze, Kimuhemuhe alikuwa kwenye swichi kuu na mama mkwe wake, aliyekuja mahsusi kuona hiyo kazi inayosifiwa. Furaha ilimpanda kichwani. Akaeleza balasti inavyopiga umeme mkali kuiamsha gesi, taa inavyoanza kwa buluu hafifu hadi inakuwa nyeupe pe, akanogewa, akasema, "Ngoja nikuonyeshe, mama," akazima.

Giza likatanda, na hapo ndipo akili ikamrudia. Taa ya namna ile ikizimwa ingali ya moto haiwaki mpaka ipoe. Jambo hilo alilijua kuliko jina la mumewe. Akawasha. Giza vilevile. Ukumbi mzima ukapiga kelele, naye, Mungu amsamehe, akashikwa na kicheko.

Meneja akaja mbio na tochi, mkono ukiitafuta swichi. Kimuhemuhe akamweleza kwamba balasti inajaribu, ikishindwa inapumzika, kisha inajaribu tena. Wakizima na kuwasha wataianzishia kazi upya bure. Iachwe dakika kumi tu. Meneja hakutaka kusikia. Mama mkwe akavuta kiti, akakiweka mbele ya swichi, akaketi na mwili wake wote, macho kwa meneja.

"Baba, mkwe wangu kasema usiguse." Kisha akamgeukia Kimuhemuhe. "Na wewe, kalia mikono yako."

Akakaa sakafuni, akaikalia. Dakika zile zilimtesa kuliko uchungu wa kuwazaa wanawe watatu. Alihesabu, akapotea, akaanza tena. Juu kulisikika tik, tik, kisha kimya. Meneja alikuwa ameshaanza kumtajia fundi mwingine pale taa ya kwanza ilipotoa buluu, ya pili ikafuata, mara zote nane zikawa zinapanda. Watu wakashangilia utadhani bao limefungwa. Meneja akazima tochi, akamwomba aje Jumatatu aangalie na taa za uwanja wa nje.

Kimuhemuhe akaruka, akamkumbatia mama mkwe nusura amwangushe na kiti.

"Ile buluu umeiona, mama?"

Mama mkwe akanyoosha shingo. Muda wote alikuwa akimchunga meneja, macho hayakupanda kwenye taa.

"Sijaona kitu," akasema. "Zima tena."

Kimuhemuhe akarudi sakafuni kukalia mikono yake.